Bi Maini na Jalada la Santuri

Jina lake la kwenye vyeti tulilijua watu wawili watatu tu pale ofisini. Wengine wote walimwita Bi Maini, naye aliitika. Tulikuwa tukifanya kazi katika nyumba ya kuchapisha vitabu vya shule, ghorofa ya pili, mimi nikiwa msahihishaji wa maandishi na yeye mchoraji. Kama uliwahi kufungua kitabu cha sayansi ukakuta ini limechorwa na mishipa yake yote, kila mshipa na mstari wake, kila mstari na jina lake, basi umeuona mkono wake. Ini lile lilipita matoleo sita bila kuguswa hata nukta. Mhariri mmoja alisema limechorwa vizuri mpaka linamtamanisha mtu kitunguu, na tangu siku hiyo jina likamganda mchoraji.

Meza yake ilikuwa dirishani, yangu ikifuata. Nimekaa nyuma ya bega lake la kushoto miaka kumi na mmoja. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza karatasi stoo.

Alikuwa ameachika miaka tisa. Aliyemwacha alikuwa mwimbaji na mkuu wa bendi ya dansi ya watu wanane, mtu ambaye hata mama yake mzazi alimwita Kiongozi. Hakumpiga, hakumtukana, wala hapakuwa na mwanamke wa pembeni; angekuwepo, walau pangekuwa na la kusimulia. Waliishi miaka saba bila mtoto, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo maneno yalivyopungua nyumbani, hata zikawa zinapita siku mbili tatu na lililosemwa ni "chumvi iko wapi" tu. Asubuhi moja Kiongozi alisema, "Nadhani tuachane." Mke akasema, "Sawa." Akafungasha kalamu zake, rula zake, ubao wa kuchorea na nguo chache, akaenda kwa shangazi yake. Hakulia njiani, hakulia alipofika. Shangazi alimwekea kitambaa kando ya mto wiki nzima, kisha akakichukua kikiwa kikavu vilevile, akakifanya cha kufutia vyombo.

Toka hapo kila kitu kwake kikawa sawa. Cheo alichostahili akapewa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi; sawa. Nyumba ya shangazi ikaingia maji, wakalala jikoni mwezi mzima, sawa. Baba yake alipofariki, simu ilimkuta mezani. Alisikiliza, akasema "sawa," akamalizia jino la mwisho katika taya alilokuwa akichora, ndipo akaenda kuomba ruhusa. Tulimsindikiza wote mazikoni. Alisimama wima kama aliyepanga foleni ya benki. Watu walimsema. Mimi sikumsema, maana nilikuwa nimeliona jino lile: lilikuwa na mizizi minne, na hakuna jino la aina hiyo lenye mizizi minne. Ndilo kosa pekee nililowahi kumsahihishia.

Sasa, Jumanne moja mchana, mpiga tarumbeta wa ile bendi alipanda ngazi zetu akihema, kofia mkononi. Ni mzee wa makamo, mnene, mwenye adabu, anayeelewana na kila mtu.

"Hujambo, shemeji," alisema.

"Sijambo. Shemeji wa nani tena?"

"Anayeachwa ni mke. Shemeji haachwi."

Bi Maini akamsogezea kiti. Mpiga tarumbeta akaeleza lililomleta. Kuna kampuni inayotengeneza santuri, zile sahani nyeusi kubwa za zamani, ambazo siku hizi watu wameanza kuzitafuta tena. Wanataka kutoa nyimbo za bendi katika santuri, na wimbo mkubwa uwe ule wa mwanamke anayepiga pasi huku akiimba, ambao kila harusi lazima upigwe. Wenye kampuni walikuwa wameona kaseti ya zamani, ambayo Bi Maini aliichorea kikaratasi cha juu mwaka wa kwanza wa ndoa yake: wanaume wanane wamejibana chini ya mwavuli mmoja. Wakasema jalada la santuri wanalitaka kwa mkono uleule.

"Kiongozi anajua umekuja?"

"Ndiye aliyenituma."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Si unamjua."

"Namjua," alisema, akachukua penseli. "Jalada lina ukubwa gani?"

Jioni ile alimwambia shangazi yake. Shangazi ni dada wa baba yake, mwembamba, mdomo hauna pazia. Aliweka chini kisu alichokuwa akikatia mboga.

"Unakwenda kumpamba mtu aliyekutoa nyumbani kwake kama kiti kibovu?"

"Sijaombwa kumpamba. Nimeombwa kuchora jalada."

"Mwanangu, unachora maini kwenye vitabu vya watoto wa watu. La kwako liko wapi?"

"Mahali pake, shangazi. Upande wa kulia, chini ya mbavu."

Shangazi alimtazama aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akaokota kisu chake.

Baada ya siku chache barua ya kampuni ililetwa. Jalada lingekuwa mraba, sentimita thelathini na moja na nusu kila upande. Juu iachwe nafasi ya jina la bendi, kingo ziachwe na ziada kwa ajili ya mashine ya kukatia. Na mwishoni, matakwa ya Kiongozi: mwanamke awe mkewe wa sasa, apige pasi, atazame mbele, acheke. Bendi isimame nyuma yake.

Bi Maini alikuwa amezoea kuchora vitu visivyozidi kiganja. Alikata karatasi nene kwa kipimo kile, akaiweka mezani, akakaa mbele yake asubuhi nzima bila kuigusa. Nilipomuuliza kulikoni, alisema, "Ni pakubwa." Hakuongeza neno.

Mke wa Kiongozi alianza kuja kwa shangazi kila Jumamosi asubuhi ili achorwe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, muuzaji katika duka la dawa, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya kuelekeza watu vidonge. Jumamosi ya kwanza alikuja amevaa gauni lenye maua, nywele zimesukwa upya, mikono imejaa matunda ya kumpa mwenye nyumba. Shangazi aliyapokea matunda, hakupokea salamu. Akaketi kwenye kochi kama askari wa zamu.

Bi Maini alitoa meza ya kupigia pasi, akampa pasi iliyochomolewa kwenye umeme, akamtandikia shati. "Simama hapa. Mkono huu hivi. Usiukaze."

Siku ile mke wa Kiongozi aliongea bila kituo: habari za dukani, za wagonjwa wanaosoma karatasi ya dawa mpaka wanaugua upya, za mvua. Bi Maini aliitikia "ee" na "ala" huku penseli ikienda. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akisubiri. Alidhani akimwona mwanamke yule amesimama mbele yake, kitu fulani kitasogea, wivu, au huruma, au japo haya. Alimchora kidevu, akamchora shingo, akamchora kiwiko. Kilichokuja akilini ni kwamba kiwiko kile kina kovu dogo la kuungua, basi akalichora na kovu.

Jumamosi ya pili mgeni aliongea kidogo. Ya tatu hakuongea kabisa, mpaka shangazi alipokwenda kuanika nguo.

"Dada," alisema, pasi baridi mkononi, "naweza kukuuliza?"

"Uliza."

"Wewe ulikuwa unaimba ukipiga pasi?"

"Mimi? Sikuwa hata napiga pasi. Alikuwa anapeleka mashati kwa dobi."

"Kwangu anapiga mwenyewe. Hataki niguse kola."

Penseli ilisimama. Wanawake wawili wakaitazama ile pasi.

"Basi huyu anayeimba ni nani?" mgeni aliuliza.

"Sijui. Nilidhani ni wewe."

"Mimi nilidhani ni wewe. Miaka minne nimekaa nikidhani ni wewe. Watu wakinipongeza harusini naitikia tu, moyoni nasema, haya, leo tena napokea zawadi ya mtu."

Bi Maini akanoa penseli ambayo haikuhitaji kunolewa. Mgeni akaweka pasi chini taratibu.

"Na alikuwa anaongea? Pale nyumbani. Alikuwa anaongea na wewe?"

"Mwanzoni kidogo. Baadaye hapana."

"Hapana kabisa?"

"Chumvi. Funguo. Basi."

Mke wa Kiongozi alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Mabega yake yalishuka, mtu angedhani ametua ndoo. "Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe."

Bi Maini aliniambia kwamba mpaka wakati ule alikuwa hajawahi kufikiri kuwa jibu lile, kama ni kweli kwa mwenzake, ni kweli kwake pia. Nikamuuliza alijisikiaje. Akasema alijisikia kama mtu aliyeonyeshwa risiti ya kitu alichokwisha kukitupa.

Kabla hajaondoka siku ile, mke wa Kiongozi alitazama karatasi. Uso wake ulikuwa umekwisha kuchorwa, na haukucheka, maana mwenyewe hakucheka.

"Unaweza kunigeuza, dada?"

"Kukugeuza vipi?"

"Nionekane mgongo. Sitaki uso wangu ukae madukani kwa wimbo usio wangu."

Bi Maini akasema sawa. Akachukua karatasi mpya, akamzungusha kwa mabega, akaanza upya. Wiki tatu za kazi zilikwenda kwenye kapu. Nilimuuliza kama hakuumia. Alisema karatasi ilikuwa bado ipo ya kutosha.

Hivyo ndivyo picha ilivyokuja kuwa vile ilivyo. Mwanamke ametupa mgongo, ameinamia meza. Ng'ambo ya meza wamesimama wanaume wanane na vyombo vyao, wanatutazama, kila mmoja shati lake limekunjamana, kana kwamba wamepanga mstari kungoja zamu ya kupigwa pasi. Mpiga besi, ambaye ni mrefu, kola imemsimama upande mmoja. Mpiga dramu kifungo kimempotea. Kiongozi yuko katikati, mdomo umefunguka kidogo, huwezi kujua ndiyo anaanza kuimba au amesahau alichotaka kusema.

Mpiga tarumbeta alikuja kuchukua habari, akasimama nyuma ya meza akiiangalia muda mrefu, kofia ikizunguka vidoleni.

"Umetuchora kama nguo chafu," alisema.

"Safi. Ila hazijapigwa pasi."

Akacheka tumbo likatikisika. Ndipo Bi Maini akamuuliza, kama anayeuliza saa, "Maneno ya wimbo huu ni ya nani?"

Kofia ikaacha kuzunguka. "Ya bendi."

"Shemeji."

"Ni yangu," alisema. "Niliyaandika mimi. Ni mke wangu huyo. Anaimba vibaya, shemeji, vibaya mno, majirani wamekwisha kuhama wawili. Lakini akishika pasi tu, anaanza. Kiongozi aliyapenda, na sauti ni yake, na watu wakasema ni ya mkewe, mimi nikaona ya nini kuharibu. Wimbo ukishatoka ni wa bendi."

"Mkeo anajua?"

"Anajua. Anasema bora, maana angetajwa angeambiwa aimbe."

Alivaa kofia, akafika mlangoni, akarudi. Kama si taabu, alisema, alikuwa na ombi dogo. Mkewe akipiga pasi huvua kiatu kimoja, cha kulia, akakanyaga sakafu kwa mguu mtupu, kwa nini hata mwenyewe hajui. Je, yule mwanamke angeweza kuvuliwa kiatu kimoja?

Bi Maini alimvua kiatu siku ileile. Chini kabisa ya picha akachora unyayo mtupu, kisigino kimenyanyuka kidogo, na kando yake kiatu kimelala ubavu. Nimeona michoro yake mingi, lakini ule mguu ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa mguu wa mtu anayeimba.

Kiongozi alikuja kuiona picha kabla haijapelekwa. Alikuwa hajakanyaga kwa shangazi tangu talaka. Shangazi alimfungulia mlango, akamwonyesha kiti, akaenda jikoni akakaa karibu na mlango ili asipitwe na neno. Hakupitwa na kitu, maana hakukuwa na maneno ya kumpita. Kiongozi aliitazama picha kwa muda wa kunywa glasi nzima ya maji.

"Amegeuka," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Watu watamjuaje?"

"Hawatamjua."

Akashusha macho hadi chini ya picha. "Mbona ana kiatu kimoja?"

"Niliombwa."

Akaitazama tena. Akiwa amesimama kuondoka, aliuliza, "Kule nyumbani ulikuwa unachora hivi?"

"Kila siku. Mezani, mbele yako."

"Sikumbuki," alisema. Hakulisema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeulizwa rangi ya basi lililopita.

Bi Maini aliniambia kwamba alisubiri limuume. Ukijikwaa kidole kuna ule muda mfupi unapojua maumivu yanakuja, unakaza meno unayangoja. Akayangoja. Akasikia mlango unafungwa, akasikia shangazi anasema jikoni "loo," akasikia maji yanadondoka bombani. Hayakuja. Akafunga picha kwa karatasi laini na kadibodi, akaandika anwani.

Ilipita miezi mitano. Siku boksi lilipofika ofisini, tulikuwa na kazi ya kitabu cha darasa la saba na hakuna aliyekuwa na nafasi, lakini tulimzunguka. Akakata utepe kwa wembe wake wa kunolea penseli. Ndani mlikuwa na santuri tano. Akatoa moja, akaishika kwa kingo kama anavyoshika kila karatasi.

Ilikuwa nzuri. Sisi tulisema nzuri. Rangi zimekaa, mashati yamekunjamana, jina la bendi limeandikwa juu kwa herufi kubwa nyekundu. Kubwa kuliko nafasi aliyoacha. Ili zitoshe, wachapaji walikuwa wameisukuma picha nzima chini, na mashine ikala kilichozidi. Mwanamke wa mbele alikatikia kwenye gauni, juu kidogo ya magoti. Mguu haukuwepo. Kiatu hakikuwepo.

Niliona shingo yake inabadilika. Nimekaa nyuma ya shingo ile miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuiona vile.

"Wameukata," alisema.

"Nini?"

"Mguu. Wameukata mguu wa watu." Akachukua rula, akapima, akapima tena. "Nilipima. Niliwaachia sentimita nne. Niliandika kwa penseli pembeni, usisogeze. Hawa watu hawasomi? Macho wameyaweka wapi?"

Sauti ilikuwa imepanda. Mhariri wa hisabati alitoa kichwa chumbani kwake, akakirudisha. Bi Maini akakaa, akaandika barua kurasa tatu, akanipa nisahihishe, na nakwambia nilitoa maneno manne ambayo nyumba yetu ya vitabu haijawahi kuyachapa. Hakungoja posta. Alivua koti la kazi, akachukua rula na santuri moja, akaenda kwa wachapaji kwa miguu, dakika arubaini kwenda.

Walichozungumza huko sikukisikia, ila fundi wa mashine ya kukatia alikuja kunisimulia baada ya wiki kadhaa. Alisema mama mmoja mpole wa sura aliingia, akalaza jalada mezani, akaweka rula juu yake, akawauliza wote waliokuwemo, mmoja mmoja, kama wao wangependa kukatwa hapo. Waliahidi kwamba zitakazochapwa tena zitapunguzwa herufi, mguu urudi. Na kweli ulirudi, katika zile za mara ya pili. Za kwanza zilikuwa zimekwisha kutawanyika.

Kuhusu zile za kwanza, mtaani walikuwa na lao. Walisema mwanamke aliyetupa mgongo ni Bi Maini mwenyewe, amejichora anamwacha Kiongozi. Wengine waliiona hata shingo, wakasema ni yake kabisa. Mke wa Kiongozi alikuwa akiyasikia haya dukani, akifunga dawa, na hakumrekebisha mtu. Mpiga tarumbeta alimpelekea mkewe moja. Yule mama aliitazama, akauliza mguu wake uko wapi, akaelezwa, akachukua kalamu ya wino, akaligeuza jalada upande wa nyuma, akajichorea mguu mwenyewe. Nimeuona. Una vidole sita.

Hasira ya Bi Maini ilidumu siku nne. Siku hizo alibamiza droo, alimuuliza mkuu wetu kile kiti kibovu alichompa ataendelea kukikalia nani, na aliporudi nyumbani alimfokea shangazi kwa sababu ya taa iliyoachwa ikiwaka mchana. Shangazi alifokewa akiwa amesimama, mikono kifuani, akisikiliza kwa makini. Siku ya tano Bi Maini aliingia ofisini, akasalimia, akanyoosha karatasi, akaanza kuchora figo. Nilipomuuliza habari za kwa wachapaji, alisema yamekwisha, sawa.

Mwisho wa mwezi nilimkuta shangazi yake sokoni, ameshika fungu la mboga. Aliniuliza hali, akaniuliza kazi, kisha akanisogelea sikioni.

"Huko ofisini," alisema, "hakuna kitu kingine mnachoweza kumharibia?"